Kabla ya Kulikodisha Jina la Biashara

Mgahawa ukichangamka mtaa wa Majengo, habari zake hazibaki Mpanda. Abiria wa basi la Tabora aliyepitia Sikonge na Inyonga anakula kwanza kabla ya kutafuta gesti. Mfanyabiashara wa mpunga kutoka Usevya anafungashiwa chakula cha njiani. Dereva wa lori la Sumbawanga anawasimulia wenzake. Baada ya muda mmoja wao anarudi na pendekezo: ana fremu Namanyere, ana akiba, na hataki kuhangaika kubuni biashara mpya. Anataka jina lilelile, kuku yuleyule, viungo vilevile na rangi ileile ukutani. Kila mwezi atatuma hela.

Huo ndio mlango wa franchaizi. Mwenye chapa hafungui tawi. Anamruhusu mtu mwingine afungue duka kwa mtaji wake mwenyewe, chini ya jina na utaratibu wa mwenye chapa, kisha analipwa ada ya kuingia mwanzoni na mrabaha unaokatwa kwenye mauzo ya kila mwezi. Duka ni la mwendeshaji, na likifilisika ni yeye anayefilisika. Jina tu ndilo lisilo lake. Kwa mtu mwenye mgahawa unaojaa lakini asiye na mtaji wa tawi la pili, habari hiyo inasikika kama neema isiyo na gharama.

Gharama zipo, na nyingi zinaanza kabla mkataba haujaandikwa.

Swali la kwanza ni nini hasa kinachokodishwa. Katika migahawa mingi ya Majengo, na katika saluni, bekari na karakana za hapo pia, kinachowavuta wateja ni mwenyewe. Ndiye anayeonja mchuzi, anayejua mteja gani hali pilipili, anayemrudisha muuza kuku sokoni na kuku wake wakikonda. Hayo yote hayaingii kwenye mkataba. Mwendeshaji wa Namanyere atapata bango na rangi, na mteja wake wa kwanza aliyewahi kula Majengo atasema palepale kwamba hiki siyo kile.

Kuna jaribio lisilohitaji mshauri wa kulipwa. Mwenye mgahawa aondoke mwezi mzima, aende kwa ndugu zake Kigoma au akalime, na simu asiipokee kwa habari za jikoni. Akirudi asome daftari la mauzo na kuuliza wateja watatu wanne wasioogopa kusema ukweli. Mauzo yakiwa yamesimama palepale na wateja hawakugundua kwamba hayupo, basi kuna utaratibu, na utaratibu unaweza kukodishwa. Mchuzi ukibadilika siku ya tatu, kuna mpishi hodari. Mpishi hodari ni mali kubwa, ila hakodishwi kwa mrabaha.

Katavi ilishaona mfumo wa namna hii ukifanya kazi, ingawa wengi hawakuufikiria hivyo. Mwaka 2003 iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, kwa kushirikiana na shirika la Management Sciences for Health, ilianza mkoani Ruvuma mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Maduka ya dawa baridi ya watu binafsi yalipewa masharti: jengo la kiwango fulani, bango la aina moja, mtoa dawa aliyepata mafunzo, orodha ya dawa zinazoruhusiwa kuuzwa, kumbukumbu za kuandikwa na wakaguzi wa kuja kuzitazama. Duka lilibaki la mwenyewe. Mpango ulipotoka Ruvuma, Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufikiwa, na Mpanda wakati huo ilikuwa bado wilaya ya Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012.

Mpango ule haukuwa franchaizi kamili, maana nyuma yake ilikuwa serikali na hakuna aliyemlipa mwenzake mrabaha. Lakini mifupa ni ileile. Kilichosambazwa hakikuwa umahiri wa muuza dawa mmoja wa Songea. Kilikuwa vitu vinavyoandikika, vinavyofundishika kwa wiki chache na vinavyokagulika. Mwenye mgahawa anayefikiria kukodisha jina anaweza kujiuliza kama naye ana vitu vya kuandika kwenye makaratasi ya namna hiyo, na kama mgeni akiyasoma ataweza kupika.

Kuandika kwenyewe ni kazi kuliko inavyodhaniwa. "Chumvi kiasi" haitoshi. Inatakiwa gramu ngapi kwa kuku wangapi. Kuku awe na uzito gani akishanyonyolewa, akae kwenye viungo saa ngapi, mafuta yakaangiwe mara ngapi kabla ya kumwagwa, chipsi zilizopoa zitupwe baada ya muda gani. Nani anafungua asubuhi, nani anahesabu hela usiku, mteja akilalamika anajibiwa nini na anarudishiwa nini. Mpishi wa miaka kumi atacheka akiona mizani imewekwa jikoni kwake. Acheke, lakini apime. Kitabu hicho kikishakamilika kinaisaidia biashara hata kama franchaizi yenyewe haikufanyika, kwa sababu siku mpishi akiugua au akihama, kilichokuwa kichwani mwake kimebaki rafuni.

Mwanamke mmoja aliyetambua hilo mapema sana alikuwa mtumishi wa ndani. Martha Matilda Harper, mzaliwa wa Kanada, alitumikia nyumba za watu kwa takriban miaka 25 kabla ya kufungua saluni Rochester, jimbo la New York, mwaka 1888. Miaka mitatu baadaye alianza kuruhusu wanawake wengine wafungue saluni kwa jina lake, na mfumo wake uliwahi kufikia saluni zipatazo 500. Waendeshaji wa mwanzo aliwatafuta miongoni mwa wanawake wa kazi kama yeye, akawafundisha njia yake, na akawataka watumie dawa za nywele na vipodozi alivyotengeneza yeye. Huduma ya nywele ni kazi ya mikono, na wengi wangesema haiwezekani kuihamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Harper aliihamisha kwa mafunzo, na kilichokuwa ndani ya chupa hakubahatisha.

Utaratibu ukishaandikwa ndipo hesabu inapoingia, na hesabu ndiyo inayovunja franchaizi nyingi ndogo kuliko ladha.

Tuseme mgahawa wa Majengo unauza wastani wa Sh200,000 kwa siku, yaani Sh6 milioni kwa mwezi. Kuku, mchele, mafuta, mkaa, mishahara, kodi ya fremu, umeme, maji na leseni vikishatolewa, mwenyewe anabaki na Sh900,000. Mrabaha wa 5% unasikika kama kitu kidogo. Lakini mrabaha hukatwa kwenye mauzo, haukatwi kwenye faida. Asilimia tano ya Sh6 milioni ni Sh300,000, na hiyo ni theluthi ya kile ambacho mwendeshaji angepeleka nyumbani. Sasa ichukuliwe kwamba fremu ya mji mdogo inauza Sh4 milioni tu, huku mishahara na kodi vikipungua kidogo sana. Mwendeshaji anaweza kujikuta anamlipa mwenye jina kuliko anavyojilipa mwenyewe.

Mtu aliyeweka akiba yake yote hatavumilia hali hiyo, na hatatuma barua kulalamika. Ataanza na mafuta. Yatakaangiwa siku moja zaidi. Halafu kuku watakuwa wadogo. Halafu sehemu ya mauzo itaacha kuandikwa. Hayo yote yatatokea chini ya jina la mgahawa wa Majengo, na wateja watalitaja hilo jina.

Upande wa pili nao una hesabu yake. Sh300,000 kwa mwezi zinamfikia mwenye chapa zikiwa zimeshapungua: kwa sheria ya kodi ya mapato, anayelipa mrabaha anatakiwa kuzuia 15% na kuipeleka TRA. Zinabaki Sh255,000 za kulipia safari za ukaguzi, malazi, mafunzo ya wafanyakazi wapya kila wanapobadilika, na siku ambazo mgahawa wa Majengo unabaki bila macho ya mwenyewe. Kutoka Mpanda hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 200. Kwa mwendeshaji mmoja tu, mrabaha huo haulipi usimamizi wa maana. Kwa watano walio karibu karibu huenda ukalipa. Hii ndiyo sababu waendeshaji wawili walio kwenye njia moja ya basi wana faida kuliko mmoja wa Tabora na mwingine wa Kigoma, hata kama huyo wa Kigoma ana hela nyingi zaidi.

Hata McDonald's ilipita humo. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald wa San Bernardino, California, walikuwa wamebuni jiko la kasi mwaka 1948. Walianza kuuza haki za kuiga mfumo wao kwa fedha kidogo na bila usimamizi wa kueleweka, na waliozinunua wakafanya walivyotaka. Ray Kroc alipokutana nao mwaka 1954, walikubaliana kwamba waendeshaji watalipa 1.9% ya mauzo, na katika hiyo 0.5% ni ya ndugu hao. Kroc alifungua mgahawa wake wa kwanza Des Plaines, Illinois, mwaka 1955, akaanza kuandikisha waendeshaji, akagundua kwamba 1.4% iliyobaki haitoshi kulipia wakaguzi na wakufunzi. Kampuni iliokolewa na Harry Sonneborn, mtu wake wa fedha, aliyependekeza mwaka 1956 kwamba kampuni ikodi au inunue viwanja, kisha iwapangishe waendeshaji. Tangu hapo kodi ya pango ikawa nguzo ya mapato yake. Mwaka 1961 Kroc aliwanunua ndugu hao kwa dola milioni 2.7.

Habari hiyo ina jambo la kufaa hata kwenye barabara za Mpanda, ambako kodi ya fremu hulipwa kwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mwenye mkataba wa fremu ndiye mwenye nguvu siku ya ugomvi. Kama mkataba wa pango ni wa mwendeshaji peke yake, anaweza kung'oa bango usiku, akaweka jina jipya asubuhi, na wateja wakaendelea kuja palepale kwa kuku yuleyule. Mwenye chapa asiye na uwezo wa kupanga fremu mwenyewe anaweza angalau kuomba mwenye nyumba akubali kwa maandishi kwamba mkataba wa jina ukivunjika, yeye ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya kuipanga.

Njia rahisi zaidi ya kulipwa ni kuuza kitu kinachohesabika. Kampuni ya maji ya Jibu, iliyoanza mwaka 2012 na kuenea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania, ni mfano wa franchaizi iliyobuniwa kwa ajili ya mazingira ya kwetu. Maji ni mzigo. Kuyasafirisha mbali kunamaliza faida. Kwa hiyo Jibu haisambazi maji kutoka kiwanda kimoja kikubwa. Mwendeshaji anayasafisha hapohapo mtaani kwa mtambo wa kampuni, anayauza kwenye madumu yanayorudishwa na kujazwa tena, na malipo yake kwa kampuni yanafuata lita. Kwa kuwa watu wengi wenye bidii hawana mtaji wa mtambo, sehemu kubwa ya gharama hizo kampuni huzibeba mwanzoni. Kilicholindwa ni usafi wa maji na jina. Kilichoachiwa mwendeshaji ni kuwajua wateja wa mtaa wake.

Kwa mgahawa wa Majengo, sawa na lita ingekuwa pakiti ya viungo. Mchanganyiko mkavu unatengenezwa sehemu moja, unapimwa, unafungwa, unasafirishwa kwa basi bila kuharibika. Pakiti moja inatosha kuku idadi fulani. Mwendeshaji akiagiza pakiti 40 kwa mwezi na kuripoti mauzo ya pakiti 25, hakuna haja ya kubishana. Faida ya mwenye chapa imo ndani ya bei ya pakiti, na ukaguzi wa hesabu unapungua. Risiti za mashine ya EFD na taarifa za lipa namba zinasaidia kujua mauzo, lakini kwa chakula kinachouzwa kwa fedha taslimu usiku wa mnada, pakiti haidanganyi sana. Hatari yake ni tamaa: bei ya pakiti ikipandishwa ovyo, mwendeshaji atatafuta mtu wa kumwigizia viungo, na atampata.

Vyakula visivyosafirishika kirahisi kama pakiti ni suala jingine, na hapo KFC ya Kenya iliwahi kutoa somo bila kutaka. Januari 2022 migahawa yake ilitangaza kwamba imeishiwa chipsi. Wakulima wa Kenya walikuwa na viazi, zao linalofuata mahindi kwa umuhimu wa chakula nchini humo, lakini kampuni ilikuwa ikiagiza chipsi zilizokwisha kutayarishwa kutoka nje kwa sababu ndizo zilizopita vipimo vyake, na meli zilikuwa zimechelewa wakati wa misukosuko ya korona. Wakenya walikasirika mitandaoni hadi wakahimizana kuususia mgahawa huo. Baadaye kampuni ilisema itaanza kununua viazi vya nchini.

Kila anayepanga kukodisha jina anapaswa kugawa orodha yake ya manunuzi mafungu mawili: vitu ambavyo lazima vitoke kwake, na vitu ambavyo mwendeshaji atanunua alipo kwa vipimo vilivyoandikwa. Fungu la kwanza likiwa refu, franchaizi itakwama barabarani masika. Mchele wa Mpimbwe ni mtamu na jina lake linauza, lakini kumlazimisha mtu wa Tabora aubebe wakati Tabora ina mchele wake kunahitaji sababu nzito kuliko fahari ya Katavi. Migebuka ya Ziwa Tanganyika ni ngumu zaidi. Mgahawa uliojengwa juu ya samaki mbichi wa Karema utafanya vizuri pale ambapo samaki anafika akiwa mbichi, na si mbali ya hapo.

Sheria inakuja mwishoni kwenye mawazo ya wengi, na inatakiwa ije mapema. Tanzania haina sheria mahususi ya franchaizi. Wanaoingia humo wanategemea mkataba wao wenyewe, sheria za mikataba, kodi na ushindani, na zaidi ya yote Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Kosa linalojirudia ni kudhani kwamba cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kinatosha. Cheti hicho kinaonyesha ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo. Haki ya kumzuia mwingine asilitumie kwenye huduma au bidhaa zinazofanana inatokana na kusajili alama, na hilo ni ombi jingine kabisa, hukohuko BRELA. Anayekodisha jina ambalo hajalisajili kama alama anapangisha nyumba isiyo na hati.

Alama husajiliwa kwa makundi. Huduma ya mgahawa iko kundi la 43, na viungo vinavyofungwa na kuuzwa viko kundi la 30, kwa hiyo anayefikiria pakiti asisajili mgahawa peke yake akadhani amemaliza. Usajili wa kwanza Tanzania Bara unadumu miaka saba, kisha huhuishwa kwa miaka kumi kila mara. Zanzibar ina usajili wake. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Congo, alama ya BRELA haina nguvu, jambo la kukumbuka kwa kuwa bandari ya Karema inatazama huko.

Jina lenyewe lina masharti. "Mgahawa wa Majengo" au "Chakula Kitamu" ni majina yanayoeleza mahali na bidhaa, na msajili ana sababu ya kuyakataa, maana kila mtu wa Majengo ana haki ya kusema yuko Majengo. Karibu kila mji wa Tanzania una mtaa wa jina hilo. Ni afadhali kujua hilo kabla ya kuchora mabango manne.

Mkataba nao una mitego yake, na ule unaotajwa sana duniani ni wa Coca-Cola. Mwaka 1899 Asa Candler, aliyekuwa akiiendesha kampuni hiyo, aliwapa mawakili wawili wa Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, haki ya kutia kinywaji hicho kwenye chupa karibu Marekani nzima kwa dola moja. Bei ya shira ilipangwa isibadilike, na mkataba haukuwa na tarehe ya kwisha. Candler hakuamini kwamba chupa zitakuwa biashara kubwa. Sukari ilipopanda bei baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ilijikuta imefungwa na bei ya zamani, ikaingia mahakamani na wenye chupa, na bei ikarekebishwa kwa makubaliano mwaka 1921. Mfumo wenyewe haukufa. Hadi leo soda hiyo nchini Tanzania inatiwa kwenye chupa na kampuni zenye haki hiyo, zikiwemo Bonite ya Moshi na Nyanza ya Mwanza.

Kwa mgahawa wa Majengo unaoanza kukodisha jina, mkataba wa miaka miwili kwa fremu moja iliyotajwa unatosha. Usimpe mtu "mkoa wa Rukwa" kwa sababu amekuja wa kwanza. Bei ya pakiti ifungwe kwenye kitu kinachoweza kukaguliwa, na ipitiwe kila baada ya miezi sita. Uandikwe kwa Kiswahili ambacho pande zote mbili zinakisoma. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo hakuna sababu ya mpishi na mfanyabiashara wa mpunga kutia sahihi karatasi za Kiingereza ambazo wakili peke yake anazielewa. Wakili anahitajika hata hivyo, na ni vizuri kila upande uwe na wake.

Uwazi kabla ya sahihi ni jambo ambalo sheria za nchi nyingine zinalilazimisha. Afrika Kusini, chini ya sheria yake ya kuwalinda walaji ya mwaka 2008, anayetaka kuingia franchaizi lazima apewe maelezo ya biashara kwa maandishi siku 14 kabla ya kusaini, na akishasaini ana siku kumi za kazi za kujitoa bila adhabu. Hakuna kinachomzuia mtu wa Mpanda kufanya hivyo kwa hiari. Amwonyeshe mwenzake daftari halisi la mauzo, likiwa na miezi mibaya ya kabla ya mavuno ambapo watu hawana hela pamoja na miezi mizuri ya kuuza mpunga na tumbaku. Anayekimbia akiona miezi mibaya angekimbia tu baadaye, na angeondoka na kitabu cha mapishi.

Uchaguzi wa mtu unaharibiwa na mambo mawili: hela na undugu. Mwenye hela nyingi mara nyingi ataajiri kijana wa kusimamia na yeye abaki na mashamba yake. Ndugu hakaguliki; siku ya kumwambia mafuta yake ni meusi, kikao kinahamia kwa wazee. Nchini Kenya, mtandao wa vituo vya afya vya CFW ulioanzishwa na HealthStore Foundation mwaka 2000 ulijengwa juu ya wauguzi na wahudumu wa afya walioendesha vituo wenyewe, na Harper alifanya vivyo hivyo kwa wanawake wa kazi. Mtu anayesimama dukani mwenyewe, hata kama mtaji wake ni mdogo, ana thamani kuliko mwenye fremu tatu.

Baada ya yote hayo, wengi wataona kwamba franchaizi si njia yao kwa sasa, na hilo si kushindwa. Mgahawa wa kahawa wa Java House ulianza Nairobi mwaka 1999 na ukakua kwa kufungua matawi yake wenyewe, ukiingiza wawekezaji badala ya kukodisha jina kwa kila aliyeomba. Njia hiyo nayo inaua ikiendeshwa kwa mikopo: Nakumatt, kampuni ya Kenya ya maduka makubwa, ilinunua maduka ya Shoprite Tanzania mwaka 2014, na mwanzoni mwa 2018 ilikuwa mikononi mwa msimamizi wa ufilisi, imezidiwa na madeni. Tawi moja la pili lenye msimamizi wa mshahara, Inyonga au palepale Mpanda upande wa Makanyagio, linafundisha karibu kila kitu ambacho franchaizi itauliza. Lisipofika mwaka bila mwenyewe kulihamia, jibu limepatikana kwa bei nafuu.

Kuna pia njia ya kati ambayo mitaa yetu inaijua vizuri. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, maelfu ya fremu zimebeba rangi za kampuni za simu na baadaye za benki, huku duka likibaki la mwenyewe na kamisheni ikimwendea yeye. Mwenye viungo vya Majengo anaweza kumwachia yule mtu wa Namanyere aweke jina lake mwenyewe juu ya mlango, akamuuzia pakiti kwa jumla, na kumruhusu aandike ubaoni kwamba kuku wake ametiwa viungo hivyo. Hakuna mrabaha, hakuna ukaguzi wa jiko, na kuku akiungua jina linaloungua ni la Namanyere. Faida kwa pakiti ni ndogo. Lakini wauzaji kumi wa namna hiyo wanapatikana kwa haraka kuliko mwendeshaji mmoja wa kuaminika, na baada ya mwaka maagizo yao yenyewe yataonyesha ni yupi kati yao anastahili kupewa jina.

Akipatikana huyo, kifungu kimoja kisiachwe kwa sababu ya aibu ya kuzungumzia kuachana siku ya kukubaliana. Mkataba useme mapema kwamba ukikwisha, bango linashushwa ndani ya siku ngapi, ukuta unapakwa rangi nyingine kwa gharama ya nani, pakiti zilizobaki zinarudishwa kwa bei gani, na ile namba ya simu iliyoandikwa kwenye mifuko ya kufungashia inabaki kwa nani.